Mume wa Kwanza wa Bibi Safta

Mji wetu wa Lotreni uliujenga mnara wake wa kumbukumbu kwa haraka, na haraka hiyo haikutokana na heshima kwa marehemu. Ilitokana na Corbeni. Corbeni ni mji wa ng'ambo ya mto. Watu wake wana majivuno tangu walipopata kituo cha reli kabla yetu, na meya wetu Fotache Drăgulin aliposikia kwamba wameanza kuchangishana kwa ajili ya mnara wa mashujaa wa Vita Kuu, usingizi ulimruka. Aliapa kwamba Lotreni itazindua wake kwanza, hata kama askari wa shaba atasimama pekupeku. Nusura iwe hivyo. Mpaka leo mguu wa kushoto wa askari wetu una buti lililokamilika, kamba na kisigino, na wa kulia umeishia kama gunia la unga. Watu wa Corbeni wakija sokoni hutuuliza kama ameshapona. Kinachochekesha zaidi ni kwamba Fotache mwenyewe alizaliwa Corbeni, akaja kwetu kwa kuoa, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka mbele yake.

Mnara huo umeona mengi. Tai aliyekuwa juu ya nguzo aliteremshwa na serikali fulani, ikapandishwa nyota. Serikali nyingine ikateremsha nyota, na tai akarudi na bawa lililopinda, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa amefichwa kwenye banda la kuku la mtu ambaye sitamtaja kwa sababu ni mjomba wangu. Mnara ulihamishwa kupisha barabara, ukarudishwa barabara iliposhindikana. Lakini katika pandashuka zote hizo hakuna aliyegusa majina yaliyochongwa kwenye marumaru. Moja kati ya majina hayo alilipigania Safta, bibi yangu mzaa baba, na ninaandika habari zake kwa sababu walimu wa shule yetu wanazisimulia vibaya. Wao humfanya mwanamke wa huzuni, mjane mwenye ushungi mweusi. Bibi yangu mimi? Mtu aliyewahi kutolewa kanisani siku ya Ijumaa Kuu kwa kushindwa kujizuia kucheka?

Safta alifika Lotreni wakati wa vita, msichana mkimbizi kutoka vijiji vya kando ya Danubi. Wazazi wake walifia njiani kwa homa ya chawa, akabaki yeye peke yake mwenye jina la Berindei. Mwoka mikate mmoja alimpa kazi na kitanda nyuma ya tanuri, na kila asubuhi alikuwa uwanjani akiuza mikate ya pete iliyotungwa kwenye kijiti. Alikuwa na mdomo mwepesi na miguu iliyopenda kucheza, lakini mji ulikuwa msibani na dansi zilikuwa marufuku. Hilo la dansi ndilo lililomwingiza katika mambo haya, na asikudanganye mtu kwamba ilikuwa huruma.

Kwetu kijana akifa kabla hajaoa haachwi aende hivi hivi. Anaozwa kwanza. Hukatwa msonobari mlimani, ukavishwa riboni na maua, ukasimamishwa mahali pa bwana harusi. Msichana mmoja huvaa shela akawa bibi harusi. Kuna msimamizi, kuna wapiga fidla, na watu hulia na kucheza kwa pamoja, ili marehemu asiende huko na kinyongo kwamba walio hai walimnyima siku yake. Basi ilipoletwa habari kwamba Ilarie Vornicu, fundi mapipa, mwana pekee wa mjane Paraschiva, ameanguka vitani na kuzikwa hukohuko, mama yake alitaka kumfanyia harusi yake ingawa hakukuwa na mwili. Msonobari ulipatikana. Msimamizi alipatikana, naye ni meya Fotache mwenyewe, maana hakuwahi kukataa mwaliko wa mahali penye chupa. Bibi harusi ndiye hakupatikana. Kila mama alimficha binti yake, wakisema anayesimama na msonobari huchelewa kuolewa. Paraschiva akazunguka nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye tanuri, akamwomba Safta, ambaye hakuwa na mama wa kumficha.

Safta aliuliza jambo moja tu, kama fidla zitakuwepo. Alipoambiwa zitakuwepo, akakubali. Siku ile alicheza kuanzia uani kwa Paraschiva mpaka kwenye lango la makaburi, msonobari ukiwa umebebwa mbele yake, na kwa maneno yake mwenyewe hakudondosha hata chozi kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona. Kilichomshangaza ni kwamba baada ya hapo Paraschiva alianza kumwita mkwe wangu. Alimletea supu akiugua, alimgombeza akitoka na nguo nyepesi kwenye baridi. Kwa msichana asiye na kwao, huo ulikuwa utajiri. Ni kweli wachumba hawakuja, ila yeye alisema alipata kupumzika.

Vita vikaisha, na mnara ukazinduliwa Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, Corbeni wakiwa bado wanabishana juu ya rangi ya jiwe. Tangu hapo, kila mwaka siku hiyo, padri husimama mbele ya marumaru na kuita majina. Enzi hizo alikuwa Baba Gherasim. Jina likiitwa, mtu wa nyumba hiyo hujibu, "Ametutangulia," kisha hukata mkate na kumpa aliye karibu naye, aule kwa niaba ya marehemu. Aliyekufa bila jina lake kuwa pale hana wa kumjibia, wala hana mkate. Jina la Ilarie lilipoitwa mara ya kwanza, Paraschiva na Safta walijibu kwa pamoja.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja mwanamume mwembamba mwenye ndevu na koti la kuazima alivuka daraja kutoka kituo cha Corbeni, akasimama mbele ya askari wa shaba, akaukodolea macho ule mguu wa kulia. Safta alikuwa chini ya mnara na mikate yake. Akamwuzia mmoja. Yule mtu akala kwa pupa, akauliza hiki ni kitu gani, maana zamani hapa palikuwa na birika la kunyweshea farasi. Akasema kusoma kunamshinda kidogo, basi amsomee. Safta alikuwa ameyahifadhi majina yote, akaanza kuyataja huku akipanga mikate, mpaka akafika kwa wa kwake.

"Vornicu Ilarie. Huyu ni mume wangu."

Yule mtu akaacha kutafuna. "Mume wako?"

"Ndiyo. Mungu amrehemu."

"Mlioana lini?"

"Wakati wa vita. Harusi ilikuwa nzuri, fidla zilipigwa."

"Na alikuwaje, huyo mumeo?"

Safta hakuwa mtu wa kuacha utani eti kwa sababu mteja ni mgeni. "Mrefu, wa kijani, ananata utomvu," akasema. "Lakini mpole. Hajawahi kunijibu hata neno."

Yule mtu akakaa kwenye ngazi ya mnara. "Dada," akasema taratibu, "Ilarie Vornicu ni mimi. Kama nimeoa, unisamehe, maana sikupata taarifa."

Bibi akifika hapa ilikuwa lazima aache kusimulia ili acheke kwanza. Alidhani ni mlevi anayechezea wafu, akamtandika kwa kile kijiti cha mikate, mikate ikatawanyika uwanja mzima, na ikabidi wenye maduka wawaamulie. Kinyozi ndiye aliyemtambua Ilarie, kwa sababu alishawahi kumkata sikio. Paraschiva alipoitwa alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamtazama, akamzaba kofi kwa kuchelewa, kisha akamkumbatia na kulia kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye kinu cha unga. Kumbe Ilarie alikuwa mateka katika nchi ya Wajerumani akichimba makaa, kisha akaugua muda mrefu kambini, na salamu zote alizotuma kwa wenzake hazikufika.

Ilarie alirudi kwenye mapipa yake, na kila asubuhi alijikuta ana hamu ya mkate wa pete. Mji mzima ukawa unawachungulia. Wachuuzi walimwuliza Safta marehemu ameamkaje leo, wakamwuliza Ilarie kama utomvu umeshamtoka kwapani. Wao wenyewe walitaniana hivyohivyo, huyu akiita mke wangu, huyu akiita marehemu, mpaka siku ikafika kila mmoja akaanza kuona haya kuutamka utani huo, na ukiona hivyo ujue si utani tena. Bibi aliniambia alijua amekwisha pale Ilarie alipopata mafua akakosa kuja, naye akauza mikate yote bila kukumbuka alimwuzia nani.

Ilarie akataka kuposa. Mama yake akagoma. Hakumkataa Safta, hata kidogo, alilikataa jiwe. Alisema hawezi kufanya harusi nyumbani kwake wakati jina la bwana harusi limechongwa pamoja na wafu.

"Kila mwaka padri atakuwa akimwita pale mbele ya watu," alimwambia Safta. "Siku moja ataitika. Nilishamzika mara moja, mwanangu. Sitaki nimzike tena, na safari hii wewe uwe mjane wake wa kweli."

Cheka ukitaka, lakini mwanamke huyo alishamlilia mwanawe mara moja, na hofu yake haikuwa ya kuigiza. Safta akaona ni jambo dogo. Jina lifutwe, waoane, basi. Akamwambia Ilarie aende kwa meya. Ilarie akasema ndiyo, na hakwenda. Akamkumbusha, akasema kesho. Mwishowe Safta akamfuata karakanani, akamwambia kama hamtaki aseme tu, yeye ameshazoea waume wasiofungua mdomo. Ndipo Ilarie akaweka nyundo chini na kumweleza habari za koti.

Vitani alikuwa na mwenzake aliyeitwa Tase. Hakuwa na jina jingine. Aliokotwa akiwa mchanga kwenye mlango wa nyumba ya watawa, wakamlea, na alipokua akachukuliwa jeshini. Alikuwa mchekeshaji, hodari wa kuiga sauti za maofisa, na kitu kimoja tu ndicho hakukifanyia mzaha. Alisema yeye akifa itakuwa kama hakuzaliwa, kwa sababu hakuna nyumba itakayomkatia mkate. Siku moja ya barafu Tase aliitwa zamu akitetemeka, Ilarie akamvisha koti lake, lile alilotengenezewa na mama yake. Paraschiva alikuwa amedarizi jina la mwanawe kwenye bitana ili lisiibwe. Shambulio likaja. Tase akauawa, Ilarie akatekwa, na waliozika wakasoma bitana.

"Kwa hiyo jina lile pale si langu tena," Ilarie alisema. "Ni la Tase. Niliporudi tu nilimwomba meya amwandike, padri na mama wakisikia. Meya akasema kamati ya mnara imeamua, wana wa Lotreni peke yao. Sasa nikifuta langu, mwenzangu anabaki na nini?"

"Na mimi nabaki na nini?" Safta akauliza.

Akatoka.

Sitamsafisha bibi yangu. Alimwonea wivu mtu aliyekufa, na alimsema vibaya, na hata baadaye alipoungama kwa Baba Gherasim alikuwa bado amekasirika. Alisema mji una wanaume wengi wabaya, kwa nini yeye apangiwe mwema. Siku hizo mikate ya Lotreni ilikuwa migumu mpaka watu wakawa wanaichovya kwenye chai, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Ila kadiri alivyokuwa akikanda, kitu kimoja kilikuwa kikimsumbua. Koti lilikuwa mwilini mwa Tase. Aliyezikwa ni Tase. Sasa yeye, Safta, alicheza harusi ya nani? Aliacha unga mezani, akafunga aproni vizuri, akampitia Ilarie karakanani na Paraschiva nyumbani bila kuwaeleza kitu, akapanda nao ngazi za ofisi ya meya. Ilikuwa siku ya soko. Waliomwona akivuka uwanja na uso ule waliacha walichokuwa wakinunua wakamfuata, na ngazi zikajaa watu.

Baba Gherasim alikuwa humo ndani, amekuja kwa mambo ya mishumaa. Safta hakusalimia.

"Mheshimiwa Meya, nimekuja kwa ajili ya mume wangu."

Fotache akamtazama Ilarie, aliyesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nywele. "Mbona namwona mzima?"

"Huyo si mume wangu. Huyo hajaniposa. Mume wangu alikufa vitani, na harusi yetu ilifanyika hapahapa, wewe ukiwa msimamizi. Ulikunywa gongo ya plamu mpaka ukaukumbatia msonobari ukauita mwanangu."

"Ule ulikuwa msonobari wa Ilarie."

"Siku ile Ilarie alikuwa hai, anakula viazi vya Wajerumani. Baba Gherasim, mtu aliye hai anafanyiwa harusi ya marehemu?"

Padri alikuwa mtu wa tahadhari. Akasema Kanisa halina habari na harusi za misonobari, ingawa yeye binafsi alikula kwenye ile. Kisha akazipapasa ndevu zake na kusema hapana, hafanyiwi. Harusi ile ni ya aliyekufa tu.

"Na aliyekufa alikuwa nani?"

"Aliyekuwa ndani ya koti," padri akasema, na bibi anasema aliyaona macho yake yakilegea, kwa kuwa alishaelewa anakopelekwa.

"Basi mimi ni mjane wa Tase. Nimeolewa naye Lotreni na mji mzima ni shahidi. Kamati inataka watu wa Lotreni peke yao, sawa, siwalaumu. Lakini mwanamume aliyeoa Lotreni ni mtu wa wapi?"

Safta akamgeukia Fotache, akasema kwa adabu zote, "Nisaidie, mheshimiwa. Wewe ndiye unayejua."

Kwenye ngazi mtu alikohoa ili asicheke. Fotache aliiva uso mpaka shingoni. Mimi nimemcheka sana mzee huyu katika maandishi haya, lakini hapa namvulia kofia. Angeweza kumfukuza Safta, na kwa siku nyingine angemfukuza. Badala yake alikwenda dirishani, akamtazama askari wake wa shaba kwa muda, yule ambaye kwa ajili yake alimharakisha mchonga sanamu usiku na mchana ili mtu yeyote asije akamwuliza yeye kwao ni wapi. Aliporudi mezani aliuliza swali moja tu.

"Jina lake la ukoo ni nani?"

Paraschiva akadakia kwamba ni Vornicu. Alikufa ndani ya koti lake, basi ni mwanawe, na yeye atamwita mwanawe mpaka aingie kaburini. Hapo Baba Gherasim akainua mikono yote miwili. Alisema akiwa mwana wa Paraschiva atakuwa ndugu yake Ilarie, na yeye hana ruhusa ya kumwozesha mjane kwa shemeji yake, hata askofu aje. Paraschiva akafikiri, akasema basi anamkana, ila supu ya siku yake ataipika vilevile. Watu wakaangua kicheko. Ilarie, ambaye muda wote alikuwa akipeleka macho huku na huku, ndio kwanza akang'amua mazungumzo yanaelekea wapi.

"Kumbe naoa?" akauliza.

"Wewe subiri zamu yako," mama yake akamwambia.

Safta akasogea mezani. Sauti yake ilishuka. "Mpeni langu. Berindei. Aliyebaki nalo ni mimi peke yangu, na nikiolewa na huyu linakwisha. Watu wetu walipenda kucheka. Atapatana nao."

Mchonga mawe aliyepatikana alikuwa wa Corbeni, aibu iliyoje, na Fotache alisimama nyuma yake kazi nzima akimwambia taratibu, taratibu. Jina la Ilarie likasuguliwa mpaka likaisha, na mahali pake likachongwa jina jipya. Ilarie akaja kuposa kama inavyotakiwa, na washenga na chupa. Safta akawapokea vizuri, akawakalisha, akawaambia jibu ni ndiyo ila wangoje mpaka Sikukuu ya Kupaa ipite. Washenga wakashangaa, baada ya pilikapilika zote zile anangoja nini tena. Alisema wamwache awe mjane kidogo. Kwa ajili ya yule mtu alicheza tu, hakuwahi kumlilia.

Waliishi pamoja miaka mingi na kugombana mingi vilevile. Babu akipandisha sauti, bibi alimwambia kwamba mume wake wa kwanza hakuwahi kumkatiza akiongea. Babu naye alimwambia wageni kwamba yeye ni mume wa pili, wa kwanza alikuwa bora, na mnara wanaweza kwenda kuuona. Nilikua nikidhani kila nyumba ina mume wa kwanza wa namna hiyo. Lakini Sikukuu ya Kupaa ya mwaka ule nimesimuliwa na wengi, na wote wanasimulia sawasawa, jambo ambalo kwetu ni nadra.

Baba Gherasim aliita majina kwa kufuata mpangilio wa jiwe. Vornicu hakuitwa, na Paraschiva akapiga ishara ya msalaba akashusha pumzi. Zikapita nyumba nyingine, zikajibu, zikakata mikate. Kisha akaita, "Berindei Tase."

Safta alikuwa na mkate mikononi, mweupe, wa kusukwa, aliouoka mwenyewe. Neno la kujibu alikuwa nalo. Halikutoka. Alisikia jina la baba yake likitajwa kwa sauti katika mji ambao hakuna aliyewahi kumjua baba yake, na pamoja nalo jina la kijana aliyelala mbali ndani ya koti la mwingine, na yule msichana asiyekosa la kusema akalia, mbele ya wachuuzi wote waliozoea kutaniana naye. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Padri akangoja. Ndipo Ilarie akajibu kwa niaba yake, kwa nguvu zake zote, mpaka njiwa wakaruka kutoka kwa tai.

"Ametutangulia."

Safta akajifuta uso kwa mkono wa nguo, akakata mkate. Aliyekuwa karibu naye ni Ilarie. Akampa. Ilarie akaushika tu, akautazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba hadhani kama utapita kooni.

"Kula," Safta akamwambia. "Mwenzako ana njaa tangu azaliwe."

Akaula wote, mpaka chenga za kiganjani, na Jumapili iliyofuata wakaoana.